Kigeuzi cha Kabula

1

Kwa miaka kumi na tisa Tusekile Mwasomola alibuni vigeuzi saba, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuitwa kwa jina lake. Vilipewa namba. Cha Kwanza, cha Pili, hadi cha Saba, ambacho kilimla miaka minne na macho nusu. Lakini kile cha Kabula Lushinge kiliitwa Kigeuzi cha Kabula kabla hakijatoka kiwandani, na aliyeanza kukiita hivyo alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Mzee Nyagawa, kwenye kikao cha asubuhi, huku Tusekile ameketi viti viwili kutoka kwake akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

Kituo cha Mawimbi kilikuwa Njombe, juu, mahali ambapo mwezi wa sita watu huzungumza huku moshi ukiwatoka vinywani. Kazi yake ilikuwa kuviunganisha vituo vya afya vya milimani na madaktari bingwa waliokuwa wachache na mbali. Kila kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja chenye mikono miwili ya chuma juu ya kitanda. Daktari aliyekuwa Tanga au Mwanza alivaa glavu zake, akakunja vidole, na mikono ile ya Makete au Ludewa ikakunja vidole vilevile kwa wakati uleule. Si kukunja tu. Alichokigusa mkono wa chuma, daktari alikihisi kwenye ngozi yake: joto, ulaini, mpigo wa mshipa. Watu waliiita mikono ya mbali, na katika wilaya zile hakukuwa na familia isiyomjua mtu aliyeponywa nayo.

Kigeuzi ndicho kilichofanya yote hayo yawezekane, ingawa kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kompyuta hujua tarakimu tu, na tarakimu ni ngazi: moja, mbili, tatu. Wimbi linaloruka kutoka mnarani halina ngazi, linapanda na kushuka kama kilima. Kigeuzi hukaa katikati na kuzigeuza ngazi kuwa kilima. Ndani yake mna vilango vya umeme zaidi ya elfu moja. Tarakimu ikija, vingine hufunguka, vingine hujifunga, na jumla ya umeme uliopita ndiyo kimo cha wimbi kwa nukta ile. Hayo hutendeka mara bilioni mia kwa sekunde. Shida ni kwamba hakuna vilango viwili vinavyofanana kabisa. Kimoja kikichelewa kidogo, wimbi huota mwiba. Miiba ikizidi, ujumbe huharibika njiani, na ujumbe ulioharibika, mbele ya mkono ulioshika kisu, ni kisu kilichoteleza.

Tusekile alipambana na miiba kama mwalimu wa kwaya mkali. Kigeuzi chake cha Saba kilimsikiliza kila mwimbaji peke yake na kumrekebisha. Kilifanya kazi vizuri, ila ilikibidi kisimame kila baada ya sekunde kumi na moja, kijipime, kisha kiendelee. Kusimama kwenyewe kulikuwa kwa kufumba na kufumbua, na madaktari walizoea: glavu zikifa ganzi, unainua mkono, unangoja, unaendelea.

Kabula hakumrekebisha mwimbaji yeyote. Aliwabadilisha nafasi. Kila tarakimu ilipokuja, kichanganyaji kidogo pembeni mwa chipu kilichagua vilango vingine kabisa, bila mpangilio, hivyo kosa la kilango kimoja halikurudi mahali pale pale mara mbili. Lilitawanyika likawa mvumo mwepesi, kama upepo kwenye misonobari, na hakuna aliyeusikia. Kigeuzi chake hakikuhitaji kusimama kamwe.

Alikibuni kwa wiki kumi na moja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Tusekile alipoiona michoro ile kwa mara ya kwanza aliielewa kwa kuitazama mara moja tu, na hilo ndilo lililomuumiza. Laiti ingekuwa mbaya, angeicheka. Laiti ingekuwa ngumu, angesema haitawezekana. Ilikuwa nyepesi na nzuri, na alijiona amepita mbele ya mlango ule kila siku kwa miaka kumi na tisa bila kuusukuma. Na aliyeusukuma ni yule binti aliyekuja kutoka Magu hajui hata kushika chuma cha kulehemu nyaya, naye Tusekile akamshika mkono na kumfundisha. Mpaka leo binti huyo akimwona alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, Mwalimu," na Tusekile akaitika marahaba kwa sauti ambayo ilizidi kuwa nyembamba kila juma.

2

Kanuni ya Kituo ilisema hakuna kigeuzi kitakachofungwa kwa mgonjwa kabla hakijakaguliwa na fundi ambaye hakushiriki kukibuni. Aliyeweza kukikagua cha Kabula alikuwa mmoja tu, na Kabula mwenyewe ndiye aliyemwomba. Alisema hadharani kwamba Mwalimu akikipitisha yeye ataweza kulala usingizi.

Tusekile alikipa majaribio yote aliyoyajua na mengine aliyoyatunga. Alikichemsha, alikitikisa, alikiwasha na umeme mchafu. Kila jaribio lilipofaulu aliandika alama ya tiki. Nyumbani alimweleza mumewe kwamba anachoka tu kwa baridi. Kantini alihamia meza ya dirishani, kwa kuwa kutoka meza ile hakumsikia Kabula akicheka na vijana wa mnara.

Wiki ya tatu alikumbuka sakitu, ile baridi ya kugandisha umande. Huko Makete, kwenye nyanda za juu, mwezi wa sita maji hugandia kwenye ndoo, na vituo vya afya huzima mitambo yao ikiwa hakuna mgonjwa. Maana yake kigeuzi kitakuwa kinaamka asubuhi kikiwa baridi kuliko chuma cha jembe. Akakitia kwenye friji ya majaribio, nyuzi mbili chini ya sifuri, akawa anakizima na kukiwasha. Mara thelathini kiliamka safi. Mara ya thelathini na moja skrini ikajaa miiba.

Alifurahi. Baadaye, katika yote yaliyotokea, hilo ndilo alilolikumbuka kwa uwazi zaidi: kwamba aliiona hatari ambayo ingeweza kumwua mtu, na mwili wake wote ukapata joto kwa furaha.

Sababu aliipata kabla ya chai ya saa kumi. Kichanganyaji cha Kabula kilianza na namba moja, kikaizungusha kupata ya pili, kikaizungusha hiyo kupata ya tatu, na kuendelea. Kwenye baridi kali, mara chache, kiliamka kikiwa na sifuri. Na sifuri ukiizungusha utapata sifuri mpaka siku ya kiama. Vilango vikaacha kubadilishana nafasi, makosa yakarundikana mahali pamoja, miiba ikaota.

Dawa yake ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Chipu haikuhitaji kubadilishwa. Ilitosha kuandika amri moja katika programu ya kuamkia: ukiamka, jipe namba yoyote isiyo sifuri. Mbegu, mafundi huiita. Tusekile aliiandika kwa dakika tano. Akakirudisha kigeuzi kwenye friji, akaiachia kompyuta ikizime na kukiwasha mara mia nne. Mara zote mia nne kiliamka kikiimba.

Basi akaketi mbele ya fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, tatizo lililoonekana. Aliijaza kwa ukamilifu. Ya pili, chanzo chake. Akaandika kwamba kichanganyaji hushindwa kuamka kwenye baridi. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote. Ya tatu, dawa iliyopendekezwa.

Hapo alikaa muda mrefu, jua la jioni likiwa mezani kwake. Alijiambia kwamba si kazi ya mkaguzi kumtibia mbunifu. Alijiambia kwamba Kabula ni hodari, ataipata mwenyewe. Alijiambia kwamba mtoto asiyeanguka hajui kutembea. Lakini nyuma ya maneno hayo yote alimwona Mzee Nyagawa akisimama tena kwenye kikao, akisema kigeuzi cha Kabula kilikuwa na kasoro ndogo na imekwisha kurekebishwa, na watu wakipiga makofi, na jina lake yeye likitajwa mwishoni, pamoja na la mtunza stoo.

Akaandika: Haijajulikana. Uchunguzi zaidi unahitajika.

Kisha akaifuta ile amri ya mbegu kwenye kompyuta. Kumbukumbu za majaribio yale mia nne hakuzifuta. Hakujua kwa nini. Labda alitaka pawe na mahali ambapo ukweli umeandikwa kwamba yeye ndiye aliyeanza kuuona.

3

Kamati ya Kituo ilikaa siku mbili baadaye. Walimsifu Tusekile kwa umakini. Waliamua kigeuzi cha Kabula kiwekwe kando kwa miezi sita kwa uchunguzi, na vituo vipya vya Makete vifungiwe cha Saba.

Kikao kizima Kabula aliisoma ripoti tena na tena kama mtu anayesoma barua ya msiba. Walipotoka alimfuata Tusekile kwenye ukumbi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalikuwa mekundu. Alisema hakuwahi kuifikiria sakitu. Kwao Magu hakuna kitu kama hicho.

"Umeniokoa, Mwalimu," alisema. "Ningemwua mtu kwa mikono yangu."

Tusekile alimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi. Alitaka kuutoa mkono wake lakini Kabula aliendelea kuushika, na jambo la ajabu ni kwamba hata shukrani ile ilimchoma. Alimwonea wivu kwa kuwa na moyo wa kushukuru. Hata katika kuanguka, binti huyu alianguka vizuri kuliko yeye alivyowahi kusimama.

4

Siku ya kumi na mbili baada ya ripoti, saa mbili asubuhi, simu iliingia kutoka kituo cha afya cha Ukinga Juu, Makete. Ezeru Sanga, mpasua mbao wa miaka thelathini na minne, mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kwenye msumeno. Vidole vinne vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa ya saa saba, na nyama iliyokosa damu haingoji saa saba.

Daktari Hiza, bingwa wa mishipa, alikuwa Tanga. Aliingiza mikono kwenye glavu zake saa mbili na nusu.

Tusekile alikuwa katika chumba cha mawasiliano pale Njombe, kwa kuwa kigeuzi kilikuwa chake na kanuni ilimtaka awepo. Kabula alikuja pia, akasimama nyuma karibu na mlango. Kwenye skrini waliiona mikono ya chuma ikishona mshipa mwembamba kama unywele. Sekunde kumi na moja ikishona, kisha ikiinuka, ikingoja, ikirudi kuutafuta uzi ilipouacha. Daktari alipokaza fundo ndipo ganzi ilipokuja mara nyingi, na fundo likalegea, akaanza upya. Hakulalamika. Mara moja tu, kwenye saa ya nne ya kazi, alisikika akimwambia muuguzi wa Makete kwamba laiti angepata dakika moja nzima, dakika moja tu isiyokatika.

Tusekile alihesabu. Kidole cha shahada kilipata damu saa tano kasoro. Cha kati kilipata saa saba mchana. Kazi ambayo ingechukua muda wa saa tano ilikuwa inaelekea kuchukua saa tisa. Aligeuka akamtazama Kabula pale mlangoni, na Kabula, akidhani Mwalimu anatafuta kutiwa moyo, akamwitikia kwa kichwa kwa upole.

Jioni Daktari Hiza alivua glavu. Vidole viwili vilipona, viwili vilikufa vikingoja zamu yao. Aliandika kwamba mgonjwa yuko salama, na kwamba mitambo ilifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Hakuna aliyelaumiwa. Mzee Nyagawa alimpa Tusekile mkono, akasema, pole na hongera, Dada Tuse, bila wewe mtu huyu angepoteza mkono mzima.

5

Wiki moja baadaye, kabla ya chai ya saa nne, Kabula aliingia ofisini kwa Tusekile bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amekonda. Kwa siku kumi na tisa alikuwa amekaa na kigeuzi chake kwenye chumba cha friji, amevaa makoti mawili, na sasa uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepona homa.

Akaeleza kwa haraka, akichora hewani kwa kidole. Sifuri. Ilikuwa sifuri tu. Na dawa yake ni amri moja, mbegu, basi. Alisema ametoka kumwambia Mkurugenzi, naye ameagiza kigeuzi kirudishwe kwenye ukaguzi leo leo. Kisha akacheka kwa haya, akasema Mzee amemsifu kupita kiasi, eti amesema katika nchi hii hakuna fundi mwingine ambaye angeiona.

Tusekile alikuwa amejiandaa kwa siku hii. Alikuwa ameyapanga maneno ya kushangaa na maneno ya kupongeza. Lakini ile sentensi ya mwisho ilimwingia mahali ambapo hakuwa amepalinda, na kabla hajajua, kinywa chake kilikwisha sema.

"Mimi niliiona. Siku ileile. Haikunichukua saa mbili."

Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa majivuno. Si majuto yaliyomtoa neno. Alijua hilo wakati lingali kinywani, na angelijua maisha yake yote. Alikuwa ameshindwa tu kuvumilia binti huyu asifiwe kwa kitu ambacho yeye alitangulia kukiona.

Kabula alibaki amesimama, kidole chake kingali hewani. Alikishusha taratibu. Akauliza kama alikuwa ameijaribu, na Tusekile akajibu ndiyo, mara mia nne, kumbukumbu zipo. Akauliza ilikuwa tarehe ngapi. Tusekile akaitaja.

"Kabla ya Ezeru," Kabula alisema.

"Kabla ya Ezeru."

Tusekile alingoja matusi. Aliyataka, maana mtu akikutukana mnakuwa mmelingana kidogo. Kabula hakutukana. Alisema polepole, kama anayejisemea, kwamba usiku ule wa ripoti alimwandikia mama yake Magu akamwambia kwamba huku ugenini Mungu amempa mama wa pili. Kisha akatoka, akaufunga mlango taratibu sana, jinsi mtu anavyoufunga mlango wa chumba chenye maiti.

Tusekile aliandika barua kwa Mzee Nyagawa kabla ya adhuhuri, akaambatisha kumbukumbu zile mia nne. Hakujitetea, alikuwa amechoka kujiambia mambo. Mzee alimwita, akaisoma barua mbele yake mara mbili, akavua miwani. Alisema hakuna kanuni inayomwadhibu mkaguzi kwa kutopendekeza dawa, na kwamba hilo ndilo linalomsumbua. Alimwondoa kwenye ukaguzi wa aina yoyote. Alimwachia meza yake na kazi yake ya ubunifu, kwa sababu, alisema bila kumtazama, wagonjwa bado wanahitaji vigeuzi.

Kigeuzi cha Kabula kilifungwa Makete mwezi wa saba, pamoja na mbegu yake. Kiliamka kwenye sakitu kila asubuhi.

6

Hakuna aliyemtuma Tusekile Ukinga Juu. Alikwenda mwenyewe siku ya Jumamosi, akamkuta Ezeru Sanga nyuma ya nyumba yake, kwenye ukingo wa shamba la misonobari, akijifunza kushika randa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na gumba na vidole viwili vyekundu vipya. Mkewe alileta kigoda na viazi vya kuchemsha. Ezeru alipojua mgeni anatoka Njombe, kwenye kituo kile, alisimama, akamshukuru kwa maneno mengi, akamnyooshea ule mkono wa kulia aushike, aone vidole vinavyokunjika.

Tusekile hakuushika. Alimwomba akae, akamweleza yote. Alimweleza kwa maneno mepesi, bila tarakimu: kwamba palikuwa na chombo kizuri zaidi kuliko kile alichotibiwa nacho, kwamba chombo kile kilikuwa na ugonjwa mdogo na yeye aliijua dawa, kwamba aliificha, kwamba kwa chombo kile daktari angemaliza mapema, na vidole vinne vyote vingekuwa hai. Hakusema samahani mpaka mwisho, kwa kuogopa kwamba akianza na hilo mwenyeji atamsamehe kwa adabu kabla hajasikia.

Mke wa Ezeru aliondoa sahani ya viazi, akaingia nayo ndani. Ezeru aliitazama randa yake. Alikuwa mtu wa maneno taratibu.

"Huyo binti mwenye chombo," aliuliza. "Alikuwa amekukosea nini, mama?"

Njiani kuja, Tusekile alikuwa ametunga majibu ya maswali mengi. Ya sheria, ya fidia, ya kwa nini hakusema mapema. Hili hakulitunga. Alipekua miaka yote ya Kabula, toka siku ya chuma cha kulehemu hadi siku ya mlango uliofungwa taratibu, akitafuta hata neno moja baya, hata salamu moja iliyosahauliwa.

"Hakunikosea kitu," alisema.

Ezeru akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepimiwa ubao akapewa kipimo chake. Alisema amesikia. Jua lilipoanza kuinama Tusekile aliaga.

Mgeni hasindikizwi kwa mdomo. Ezeru alivaa koti, akatangulia kwenye njia iliyopita kati ya misonobari, akamwonyesha penye matope, akamngoja penye mteremko. Walipofika barabarani alisimama naye mpaka basi likaonekana mbali kwenye kona. Ndipo akaaga kwa kuinamisha kichwa, mkono wa kulia ameutia mfukoni, akageuka akarudi kwake.